“Jiko lipo”: ya kuuliza kabla hujalipia nyumba Mtwara

“Tunatoka Dodoma, tunakuja Mtwara katikati ya Desemba kwa wiki tatu. Tupo sita: mimi, mume wangu, mama mkwe wa miaka 71 na watoto watatu, mvulana wa miaka 14, msichana wa miaka 10 na mdogo wa miaka miwili. Mama mkwe ana kisukari, anachoma insulini, na magoti yanamsumbua. Ana kliniki Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Chakula chake lazima kipikwe nyumbani. Mvulana na msichana hawawezi tena kulala chumba kimoja. Gesti nilizopiga simu wananiambia wana ‘self tatu’. Dalali mmoja anasema ana nyumba ya vyumba vitatu Shangani, jiko lipo, fenicha zipo, ila nitume nusu ya hela leo maana kuna wateja wengine. Picha ni nzuri kweli. Ndugu wengine wananiambia nisihangaike, Mtwara nyumba ni nyingi, nitapata nikifika. Nifanye nini?”

Dada yangu, hela usitume leo. Tuanzie hapo, mengine tuyazungumze taratibu.

Nikikusoma vizuri, hutafuti nyumba ya kifahari. Unataka mama apate chakula kwa saa yake baada ya sindano, watoto walale kwa staha, na msije mkasimama getini saa mbili usiku na mabegi na mtoto amelala begani. Hayo yote yanapatikana Mtwara. Hayapatikani kwa neno “lipo” la kwenye simu.

Kwanza hili la kupata ukifika. Mwezi Machi ningekubaliana na ndugu zako. Desemba, hapana. Huo ni msimu wa korosho. Minada inaendelea, wanunuzi, madereva wa malori, wapimaji na mawakala wanazunguka kati ya Tandahimba, Newala, Masasi na bandari ya Mtwara, na wote hao wanalala mahali. Juu yake ongeza wenyeji wanaorudi kwa Krismasi na mwaka mpya. Gesti ya chumba kimoja utaipata hata kwa kuhangaika usiku. Nyumba ya familia yenye jiko ni chache hata msimu ukiwa umelala, na ndizo zinazotangulia kuchukuliwa, kwa sababu kampuni ikileta watu watano kwa mwezi mzima nayo inatafuta hiyo hiyo. Anza kutafuta wiki sita hadi nane kabla ya safari.

Sasa tupime maneno uliyoambiwa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotegwa bila mtu kuwadanganya. “Self” ni chumba chenye choo na bafu ndani. Basi. Self tatu ni vyumba vitatu vyenye vyoo vitatu, na hakuna mahali pa kuchemshia hata maji ya uji. “Vyumba vitatu” kwa dalali mmoja ni vya kulala vitatu, kwa mwingine ni viwili na sebule. Tena yawezekana ni vyumba vitatu ndani ya nyumba yenye vyumba vitano, na hivyo viwili vina mpangaji mwingine mnayekutana naye koridoni. Uliza hivi: “Ni nyumba nzima, au ni vyumba ndani ya nyumba? Vya kulala vingapi, ukiacha sebule? Kila chumba kina mlango wake unaofungika, au kuna cha kupitia?” Nyumba nyingi za zamani za Chikongola na Mikindani zina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na hizo kwa faragha ni nzuri. Tatizo ni zile zilizoongezwa chumba nyuma, ambapo anayekwenda chooni anapita kitandani kwa mwenzake. Msichana wa miaka 10 hapaswi kulala njiani.

Na jiko. Kwa Kiswahili chetu jiko ni chumba, na jiko ni kile kinachowaka. Anayekuambia “jiko lipo” anaweza kuwa mkweli kabisa huku akimaanisha chumba chenye sinki kavu na meza tupu. Mwingine atamaanisha jiko la mkaa lililoko kibanda cha uani, mnachochangia na mpangaji wa nyuma. Kwa hiyo usiulize kama lipo, uliza linatumia nini kuwaka na lina nini juu yake. Majiko mangapi ya gesi, mtungi wa kilo ngapi, nani anaujaza, sufuria ngapi na kubwa kuliko zote ni ya ukubwa gani, kuna kisu, kibao, mwiko, mbuzi ya nazi, chujio? Watu sita wanataka sufuria mbili za kutosha, ya wali na ya mchuzi, na ndogo ya uji wa mama. Nyumba nyingi za kupangisha kwa siku zina sufuria moja ya chai na sahani nne zisizofanana.

Nikae kidogo kwenye gesi, kwa sababu ndipo penye hatari na ndipo penye gharama iliyojificha. Jiko moja likiwaka moto wa wastani linakula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa. Familia yako, kwa chai, mboga, maharage na chakula cha mama mara tatu kwa siku, itawasha kwa jumla kama saa tatu, yaani karibu nusu kilo. Mtungi wa kilo 6 utakufikisha siku kumi na mbili hivi. Kwa siku 21 unahitaji kilo kumi au kumi na moja: mitungi miwili ya kilo 6, au mmoja wa kilo 15 ubaki na akiba. Mwenye nyumba akisema “gesi ipo ndani ya bei”, muulize ni mtungi mmoja au ni mpaka mnaondoka. Kujua kilichobaki, mwaga maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Pale ambapo chuma kinageuka ubaridi ghafla ndipo gesi ya maji inapoanzia.

Ukifika, kabla hujapika chochote, koroga sabuni ya unga na maji, paka kwa sponji kwenye regulata, kwenye mpira wote na pale mpira unapoingia kwenye jiko lenyewe, halafu fungua mtungi bila kuwasha moto. Povu likijipuliza, gesi inavuja. Funga, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, umwite mwenye nyumba alete fundi. Mpira uliopasuka nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha kiangazi ubadilishwe siku hiyo hiyo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, inajikusanya chini ya sinki na kwenye pembe, na mtoto wa miaka miwili ndiye anayecheza huko chini. Dirisha la juu peke yake haliitoi. Mlango wa kutokea nje ufunguliwe.

Mtwara kuna jambo la ziada ambalo Dodoma hulioni: baadhi ya nyumba zimeunganishwa gesi asilia kwa bomba. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda darini, na hapo dirisha la juu ndilo linalosaidia. Muhimu zaidi, tundu la kichwa cha jiko la gesi asilia ni pana kuliko la jiko la mtungi. Mtu akichomeka mtungi kwenye jiko la bomba bila kubadilisha matundu, moto unakuwa mkubwa, wa njano, unatia masizi sufuria. Akifanya kinyume chake, moto unakuwa dhaifu hata maji hayachemki. Moto mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiona wa njano, usiuzoee, ita fundi.

Gesi ikiisha usiku, watu huingiza jiko la mkaa ndani ili chakula kiive. Tafadhali usifanye hivyo, hata dirisha likiwa wazi nusu. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na mlalaji haamki kujua kinachomdhuru. Mkaa ni wa kibarazani au uani, na haulali ndani hata ukionekana umekuwa majivu. Jenereta nayo ni hivyo hivyo.

Na kwa kuwa ni Desemba, kama uwanja una mikorosho, watoto wataokota. Bibo, lile tunda lenyewe la mkorosho, liliwe, halina neno. Korosho mbichi yenye ganda ina mafuta yanayobabua midomo na vidole, wasiing’ate. Wasizichome jikoni pia. Moshi wa yale maganda unachoma macho na kifua, kazi hiyo wenyeji hufanyia nje, upande upepo unakoelekea.

Maji. Usiulize kama yanatoka, uliza yanatoka siku zipi na yanahifadhiwa wapi. Watu sita wakioga, wakipika, wakafua nguo za mtoto na kumwaga chooni, hesabu lita 60 kwa mtu, jumla lita 360 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 halifiki siku tatu. Kama mtaa huo unapata maji mara mbili kwa wiki, unahitaji la lita 2,000, au mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba boza likiitwa analipa yeye. Kama ni maji ya kisima na nyumba iko karibu na bahari, yaonje: yenye chumvi hayatoi povu la sabuni, yanaharibu ladha ya chai, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu si ya kunywa. Bado kuoga yanafaa. Ya kunywa chemsha au nunua yale madumu makubwa. Angalia pia tanki limekaa juu kiasi gani. Likiwa usawa wa dari tu, bomba la juu la mvua linatoa maji kama machozi, na hita ya ukutani haiwaki kwa kukosa msukumo. Kwa mama, ndoo na kata vitakuwa salama zaidi kuliko kusimama kwenye vigae vyenye utelezi akisubiri. Kama kuna kisima au tanki la chini ya ardhi, mfuniko wake uwe mzito na umefungwa. Hilo kwa mtoto wa miaka miwili halina mjadala. Mfuniko wa bati lililowekewa tofali haukubaliki.

Umeme. Kubaliana mapema nani anaweka LUKU. Feni inayokesha inakula kama nusu yuniti kwa usiku. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinakula yuniti tano hadi saba kwa saa nane, na yuniti moja kwa mteja wa kawaida ni shilingi mia tatu na hamsini na kitu pamoja na makato. Viyoyozi viwili usiku ni kama shilingi elfu nne. Kuna jambo moja linawashtua wengi: kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa makato yanajilimbikiza. Mgeni wa kwanza kununua umeme analipia miezi ambayo hakuwepo. Mwambie mwenye nyumba anunue yeye umeme wa kwanza, uone yuniti kwenye mita, ndipo wewe uendelee.

Friji kwako ni ya dawa kabla ya kuwa ya samaki. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, rafu ya katikati, isiguse ukuta wa nyuma wala kuingia kwenye barafu, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kwa hiyo usikubali kafriji ka chumbani kanakogandisha kila kitu. Umeme ukikatika usifungue mlango, friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama saa nne. Zaidi ya hapo, chungu cha udongo kilichopoozwa kwa maji, insulini ikiwa ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, kinasaidia. Ile inayotumika kila siku kwa kawaida hukaa nje ya friji wiki nne, ila si kwenye joto la kuzidi nyuzi 30, na Desemba ya Mtwara inazivuka nyuzi hizo mchana. Muulize mfamasia wake kabla hamjaondoka Dodoma kuhusu aina yake hasa.

Vyumba vya kulala ningependa uvipange hivi: wewe, baba na mdogo chumba kimoja, mama na msichana kimoja, mvulana peke yake. Msichana akilala na bibi, kuna mtu wa kukuamsha bibi akitoka jasho au akitetemeka usiku, dalili za sukari kushuka. Chumba cha mama ndicho kiwe masta, yaani chenye choo ndani, si chenu. Kiwe chini, bila ngazi, na choo kiwe cha kukaa. Cha kuchuchumaa kwa magoti yake ni mtihani usiku na mchana. Kama nyumba ni nzuri na kasoro ni hiyo tu, tafuta kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, mafundi seremala wanakitengeneza. Ikishindikana kupata vyumba vitatu, nyumba ya vyumba viwili yenye sebule ya kufungika inatosha, mvulana akalala sebuleni kwenye godoro. Usilipe zaidi sana kwa ajili ya chumba cha tatu kama hicho cha tatu ni stoo isiyo na dirisha.

Dirisha lenyewe lina maana. Desemba upepo ni wa kaskazi, kwa hiyo vyumba vyenye madirisha upande wa kaskazini na mashariki vinapata hewa, na vya upande wa pili vinaoka. Muulize mwenye nyumba jua linazama upande gani wa nyumba, utaelewa mwenyewe. Nondo za madirisha zinazuia wezi, ila zinawazuia na nyinyi moto ukitokea. Hakikisha mnaachiwa funguo zote za mageti ya ndani, na usiku ufunguo wa mlango wa nje ukae kwenye msumari ambao kila mtu mzima anaujua, juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika.

Chandarua hesabu kwa kitanda, si kwa nyumba. Mikoa ya kusini ina malaria nyingi, na wanaotoka Dodoma mjini hawana mazoea ya mbu wa pwani. Kitanda cha tano kwa sita kinataka chandarua cha sita kwa sita au zaidi, kisiwe na matundu, kiingizwe chini ya godoro pande zote. Beba vyenu viwili vya akiba na kamba, kwa sababu kinachoharibu usiku mara nyingi ni kukosekana msumari wa kukitundikia, chandarua chenyewe kipo.

Mtaa gani? Wengi hudhani lazima uwe jirani na hospitali. Hospitali ya Kanda iko Mitengo, upande wa Mikindani, na mama haendi kliniki kila siku. Nyumba iliyo karibu na soko, duka la dawa na barabara ya lami itawafaa siku zote 21, na bajaji itawafikisha hospitali siku za kliniki. Shangani ni tulivu, ina upepo wa bahari na nyumba nyingi zilizojengwa kupangisha wageni enzi za uchunguzi wa gesi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndiyo maana huko utakuta masta na jiko la ndani. Ubaya wake, maduka ni machache na mtu hutegemea bajaji kwa kila kitu. Ligula iko karibu na hospitali ya mkoa, jambo la kuzingatia kwa mtu mwenye kisukari usiku wa manane. Chikongola na Majengo ni karibu na soko, chakula kipo mlangoni, ila kuna kelele na nyumba nzima ni adimu. Mikindani kuna majengo ya kale na ni karibu zaidi na Mitengo, lakini kwa mahitaji ya sokoni itabidi mpande gari kwenda mjini, kama kilomita kumi. Mimi kwa familia yako ningeanza na Ligula, kisha Shangani upande unaopakana na mjini. Samaki fuateni Feri asubuhi. Ming’oko, mizizi ya porini inayochemshwa, watoto waonje, ila kwa mama iingie kwenye hesabu ya wanga kama muhogo.

Je, nyumba ni nafuu kuliko gesti? Si lazima. Chukua mfano, halafu uweke tarakimu zako. Tuseme self moja ni 35,000: tatu ni 105,000, kwa usiku 21 ni 2,205,000. Chakula cha kununua kwa watu sita tuseme 45,000 kwa siku, ni 945,000. Jumla 3,150,000. Nyumba tuseme ni 80,000 kwa usiku, ni 1,680,000. Sokoni 25,000 kwa siku ni 525,000. LUKU kama 112,000 na gesi kama 60,000. Jumla 2,377,000. Kwa mfano huo, nyumba ikivuka 117,000 kwa usiku faida ya fedha imekwisha, unabaki unalipia jiko na faragha tu. Kwa hali ya mama bado inaweza kustahili, ila ujue unalipia nini. Na omba bei ya wiki tatu, si ya usiku mara 21. Kuna njia ya tatu watu hawaiulizi: hosteli za taasisi za dini, na gesti ndogo ambazo zitakupa vyumba vitatu vinavyofuatana pamoja na ruhusa ya kutumia jiko lao. Kama jiko hilo linawaka saa moja asubuhi na friji ina nafasi, hiyo ni suluhu ya heshima. Kupanga nyumba tupu ya kawaida kwa wiki tatu usihangaike nako, wenye nyumba wanataka kodi ya miezi kuanzia mitatu hadi sita.

Turudi kwa dalali wako. Dalali si mwizi kwa kuwa dalali, na mjini humo wapo wanaoifahamu kila nyumba. Ila “kuna wateja wengine, tuma leo” ni kauli inayotumiwa na mkweli na mwongo sawasawa, kwa hiyo haikuambii kitu. Picha nazo hazithibitishi, kwani zinahamishwa kutoka simu hadi simu. Taka simu ya video isiyokatwa, aanzie barabarani, aonyeshe nyumba ya jirani na geti, aingie, afungue bomba la jikoni, awashe jiko, aonyeshe mita ya LUKU, afungue friji, apite chumba hadi chumba akifunga kila mlango. Dakika kumi. Asiye na nyumba hawezi kuifanya. Kisha ongea na mwenye nyumba mwenyewe, na jina linalotokea kwenye simu unapotuma hela lilingane na la kwenye makubaliano. Ujira wa dalali ujulikane ni wa nani kuulipa kabla hamjafika. Bei ikitajwa kwa dola, ikatae: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Malipo ya awali yasizidi usiku wa siku mbili au tatu. Kinachobaki ulipe baada ya kuingia, kukagua na kulala usiku mmoja. Makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, bei yote, nani analipa maji, gesi na umeme, na itakuwaje tarehe zikisogea. Hili la tarehe si la bure. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, wasafiri wakakwama. Barabara ikifungwa, kutoka Dodoma kuna njia ya Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, ni ndefu na itawaongezea siku, kwa hiyo mwenye nyumba akubali kusogeza bila kula amana.

Kuna mambo ambayo maelezo haya hayatoshi, unahitaji mtu wa pale. Kama una ndugu au mfanyakazi mwenzako Mtwara, mtume aione nyumba kabla ya amana, na umpe maswali ya maji na moto kwa maandishi. Kama huna, lipia usiku wa kwanza na wa pili gesti, muikague nyumba wenyewe mchana. Ofisi ya serikali ya mtaa itakuambia kama nyumba hiyo ni ya huyo anayejiita mwenye nyumba, na ni vizuri mkajiandikishe hapo mkishafika. Piga simu hospitali uulizie ustawi wa jamii. Mara nyingi wanajua wapi ndugu za wagonjwa wanafikia kwa bei ya kueleweka. Ukishatapeliwa, nenda polisi na kumbukumbu ya muamala siku hiyo hiyo. Na yeyote akipata homa, mtoto hasa, apimwe malaria kituoni ndani ya saa 24, msisubiri kuona kama itapoa. Homa hata ya wiki ya pili baada ya kurudi Dodoma, mwambieni daktari mlikuwa pwani ya kusini.

Kwa dalali, mtumie ujumbe huu leo badala ya hela: “Habari za kazi kaka. Nyumba nimeipenda. Naomba kesho mchana tufanye video kuanzia barabarani, nione maji yakitoka, jiko likiwaka, friji, mita ya LUKU, choo cha kukaa na milango ya vyumba vitatu vya kulala. Niunganishe pia na mwenye nyumba. Tukielewana, amana ya siku mbili naituma kwa jina lake muda huo huo.”